Anza kwa kuiuliza unachokijua

Ncha za vidole vyangu zina makovu madogo meupe. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anayafahamu. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na sisi wa huku hujipaka majivu viganjani kabla ya kuanza kazi, ila kuna siku mtu unasahau. Makovu hayo ndiyo yaliyonifundisha kutumia akili mnemba.

Mpwa wangu alikuja kwetu Mikindani, Mtwara, likizo kutoka Dar es Salaam, akaniwekea ChatGPT, programu ya akili mnemba, kwenye simu. "Shangazi, iulize chochote," akaniambia. Ukiambiwa chochote, hukumbuki hata kimoja. Nikakaa na simu mkononi kama mtu aliyeitwa ghafla kutoa neno la shukrani msibani. Mwishowe nikaandika swali la kazi yangu: nibangueje korosho nyumbani?

Jibu lilikuja limepangwa vizuri, hatua kwa hatua. Anika korosho juani. Pasua ganda kwa nyundo. Toa kiini, kaanga, weka chumvi. Basi. Hapakuwa na kuzichoma kwanza kwenye karai mpaka mafuta ya ganda yatoke, hapakuwa na mchanga wala majivu, wala onyo la kutosogeza uso kwenye ule moshi. Korosho mbichi, nyundo na mikono mitupu!

Mpwa wangu akasoma, akasema, "Si imejibu vizuri, shangazi?" Amezaliwa mjini, korosho anazijua zikiwa ndani ya pakti. Tulisoma jibu lile lile sote wawili: yeye akamwona mtaalamu, mimi nikaona vidole vilivyobabuka.

Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze kwa kuiuliza mambo anayoyajua kabla ya yale asiyoyajua. Fundi cherehani aiulize kukata shati. Mvuvi wa Msimbati aiulize nyavu na upepo. Mama lishe aiulize wali wa nazi. Fanya hivyo wiki nzima kama mchezo. Utaona mwenyewe inapopatia na inapobabaisha, na ukiingia kwenye mambo ya ugenini utakuwa na kipimo mkononi.

Mimi niliiuliza habari za Mikindani. Ikanieleza kwamba David Livingstone alipita hapa mwaka 1866 kwenye safari yake ya mwisho ya kuingia bara, na hilo ni kweli, kibao kipo. Ikataja boma la Wajerumani, nalo lipo. Kisha, kwa sauti ile ile ya uhakika, ikanitajia soko la samaki karibu kabisa na ninapoishi. Soko hilo halipo. Nimezaliwa hapa.

Mpwa wangu alinifafanulia kisa chake, na nilivyomwelewa ni hivi. Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, mengi yao ya Kiingereza, zikajifunza neno gani huwa linafuata neno gani. Zinapojibu, zinaunga neno kwa neno kwa kukisia linalofaa kufuata. Kwa hiyo sentensi ya kweli na ya uongo zinatoka zimevaa nguo moja. Binadamu asiyejua utamwona anakohoa, anaangalia chini, anasema "labda". Hii haina aibu hiyo. Na mambo yetu ya kusini yameandikwa machache, kwa hiyo ndipo inapokisia zaidi. Kimakonde nilikijaribu mara moja tu. Mama alipoona ilichoandika alicheka mpaka akaomba maji.

Sasa niseme na ubaya wangu mwenyewe, maana si kila kosa ni la mashine.

Nilitaka kujua niuze pakti ya gramu 100 kwa bei gani nisipate hasara. Nikaandika: nina kilo 50 za korosho ghafi, kilo moja nimeiwekea thamani ya shilingi 3,500, nataka kupaki gramu mia mia, kila pakti imenigharimu kiasi gani? (Ni korosho za mikorosho yetu wenyewe, shamba la Nanguruwe. Mimi si mtu wa kangomba, wale wanaonunua korosho za wakulima kwa magendo.) Ikajibu kwamba nitapata pakti 500, kila moja imenigharimu shilingi 350. Moyo ukaruka. Nikaanza kuhesabu faida kichwani kabla hata kuni hazijawashwa.

Kisha nikakumbuka magunia ya maganda nyuma ya nyumba. Kilo 50 za ghafi, kwa mikono yetu, zilinipa kiini kama kilo 11. Hizo ni pakti 110, na kila moja imekula karibu shilingi 1,590, bado sijagusa kuni, mifuko na posho za kina mama wanaonisaidia. Ningeuza kwa bei ya lile jibu la kwanza, ningefunga biashara mwezi ule ule. Lakini kosa lilikuwa la nani? Ningemtuma mtoto wa jirani na maneno yale yale, naye angefanya hesabu ile ile. Sikuiambia kwamba ganda linatupwa. Nilipoandika upya nikataja maganda, punje zinazovunjika, na kwamba kuni nanunua kwa mzigo, hesabu ilinyooka, na ikaniuliza swali nililokuwa sijalifikiria: nauli ya kupeleka mzigo stendi nimeihesabu?

Tangu hapo maagizo yangu yamekuwa marefu. Naeleza mimi ni nani, namwandikia nani, nataka iwe fupi kiasi gani, na nini kisiwemo. Mteja wa Nairobi aliponiandikia Kiingereza cha kibiashara nilikibandika pale, nikaomba nifafanuliwe kwa Kiswahili cha kawaida, kisha nikataka jibu la heshima lisilozidi mistari mitano. Rasimu ya kwanza ilikuwa imejaa sifa, korosho zangu zimekuwa "hazina ya pwani". Nikaiambia ipunguze mbwembwe. Ilipunguza. Kazi ya namna hii ndiyo inayoiweza hasa, kwa sababu habari zote umeipa wewe, yenyewe inapanga maneno tu.

Bei ya mnada wa korosho usiiulize kabisa. Niliiuliza msimu uliopita, ikanipa tarakimu kamili na shilingi zake, nami nikaenda kumtangazia jirani yangu. Siku ya pili kwenye ubao wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, kulikuwa na bei nyingine, na jirani huyo mpaka leo akiniona ananiita "mnada". Bei iko ubaoni na redioni.

Jambo jingine ni siri za watu. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na nilishawishika kupiga picha daftari zima ili inijumlishie. Nikajizuia. Mle kuna majina, namba za simu, na nani anadaiwa nini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, deni la mtu si langu kulitoa nje. Naandika "mwanachama wa kwanza", "wa pili", naweka tarakimu tu. Namba ya NIDA na namba ya siri ya pesa ya simu haziingii humo kwa sababu yoyote ile.

Bando haliliwi sana ukiandika maneno matupu. Picha na sauti ndizo zinazolitafuna.

Na picha ndizo ninazojifunza sasa. Juzi nilipiga picha shada la maua la mkorosho mmoja mzee, limeingia unga mweupe. Ikanitajia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ikataja upungufu wa madini, ikataja na ukame, vyote vitatu kwa pamoja, ikamalizia kwa kunipa kipimo cha salfa. Ubwiri unga naujua kwa macho, hapo sikuhitaji msaada. Kipimo ndicho sikukiamini, nikiikumbuka ile nyundo. Nimekata tawi, nimeliweka kwenye mfuko wa karatasi. Jumanne napanda daladala mpaka mjini, kisha bodaboda mpaka kituo cha utafiti cha Naliendele, nikawaonyeshe wanaoishi na mikorosho. Simu naenda nayo, nikaandike watakachosema.