Maswali ya Wasomaji: Picha za Marehemu Baba Zihifadhiwe Wapi?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Marehemu baba yetu alikuwa na studio ya picha hapa Ngamiani kuanzia miaka ya 1970 hadi alipoifunga mwaka 2004. Ametuachia maboksi ya negativu, ambazo mimi na mdogo wangu tumeziskani kwa mwaka mzima, na pamoja na video za harusi za ukoo jumla yake imefika kama gigabaiti 400. Zote zimo katika diski moja ya SSD, ambayo muuzaji alinihakikishia kwamba ni imara kuliko zote kwa sababu haina kitu kinachozunguka ndani. Nakusudia kuifungia kabatini ili wanangu waje kuikuta baada ya miaka 20. Je, nimefanya sawa? Na negativu zenyewe, ambazo zimejaza chumba, naweza kuzitupa? Msomaji wa Barabara ya 14, Tanga.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na poleni kwa msiba. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa kosa lake likishafanyika halirekebishiki: usitupe negativu hata moja. Negativu haihitaji umeme wala programu ili isomwe, inahitaji mwanga na jicho la mtu, na baada ya miaka mingi bado inaweza kuskaniwa upya kwa mashine bora kuliko mliyoitumia ninyi. Adui zake ni joto na unyevu, na Tanga vyote viwili tunavyo. Kwa hiyo fungueni boksi mojamoja mnuse. Mkikuta harufu kali ya siki, jueni kwamba plastiki ya asetati iliyotengenezewa filamu hizo imeanza kuoza na kutoa asidi, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa filamu zilizo jirani. Zitengeni siku hiyohiyo. Zilizo salama ziwekeni katika bahasha za karatasi, kwenye rafu iliyoachana na ukuta na isiyopata joto la bati.

Sasa tuje kwenye diski. Muuzaji wako alisema nusu ya ukweli, kwani SSD ikianguka sakafuni ina nafasi kubwa zaidi ya kupona. Lakini kwa kazi ya kufungiwa kabatini miaka mingi, mimi ningeichagua mwisho kabisa. Ndani yake kila picha imehifadhiwa kwa chaji za umeme zilizonaswa katika vijumba vidogo mno, na diski isipopata umeme chaji hizo huvuja taratibu, kama mtungi wa udongo ambao kwa nje unaonekana mzima huku maji yakipungua. Joto huongeza kasi ya kuvuja. Kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya vifaa hivi, kinataka SSD ya matumizi ya kawaida iliyokwisha kufikia kikomo chake cha kuandikwa ishike data kwa mwaka 1 bila umeme katika nyuzijoto 30. Yako ni mpya na itashika kwa muda mrefu zaidi ya huo, lakini miaka 20 katika kabati la Ngamiani ni dhamana ambayo fundi mwaminifu hawezi kukupa. Flashi na kadi za memori hutumia teknolojia hiyohiyo, na mara nyingi ni za daraja la chini zaidi.

Ushauri wangu ni kwamba ununue diski ngumu mbili za kawaida, zile zenye sahani zinazozunguka, kila moja ya terabaiti 1, na ziwe za watengenezaji tofauti ili zisije zikawa na kasoro moja. Hizo huhifadhi data kwa sumaku, na sumaku haivuji kama chaji; bei yake kwa kila gigabaiti nayo ni nafuu. Udhaifu wake ni mota na vichwa vya kusomea: diski iliyolala miaka mingi bila kuwashwa inaweza kukataa kuzunguka. Moja ikae kwako, ya pili ikae kwa ndugu nje ya mji, na kama mna jamaa Lushoto, ambako hewa ni baridi kuliko huku pwani, ni vizuri zaidi. Kila mwaka, mnapotembeleana wakati wa Idi, ziwasheni zote mbili mzikague.

Kukagua ninakokusema si kufungua picha tatu nne na kuridhika. Iko programu ya kukokotoa alama inayoitwa SHA-256, ambayo husoma faili lote na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Sehemu ndogo kabisa ya faili ikibadilika, mfuatano wote hubadilika. Hifadhini orodha ya alama hizo leo, na kila Idi mlinganishe. Bila hivyo mnaweza kunakili faili lililoharibika juu ya lililo zima, mkaipoteza picha huku mkidhani mnailinda. Na baada ya miaka mitano hivi, nunueni diski nyingine mhamishie kila kitu, hata kama za zamani bado zinafanya kazi.

Kuhusu CD, nina jeraha langu mwenyewe. Mwaka 2006 nilichoma picha za harusi ya dada yangu kwenye CD tatu, nikazibandika karatasi za majina na kuziweka ndani ya droo. Miaka tisa baadaye niliishika moja juani, na mwanga ukapenya katika vitundu vidogo kama chekecheke, kwa sababu tabaka la fedha la CD liko juu kabisa, chini tu ya vanishi, na gundi ya karatasi ilikuwa imelitafuna. Hakuna kilichosomeka, na mpaka leo dada yangu ana picha mbili tu za siku ile. Lakini ziko diski za aina ya M-DISC, ambazo hurekodiwa kwenye tabaka la madini badala ya rangi inayofifia. Ahadi ya mtengenezaji ya miaka 1,000 usiitegemee, ila kanuni yake ni nzuri: chagueni picha 300 ambazo hamko tayari kuzikosa, mzichome humo kwa mashine inayozikubali.

Kanda za LTO, yaani kanda za sumaku za kuhifadhia data, waachieni mabenki na vituo vya televisheni, maana mashine zake ni ghali mno. Hifadhi ya mtandaoni inafaa kama nakala ya ziada, lakini Google hutoa bure gigabaiti 15 tu, akaunti isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa, na kwa mtandao wa megabiti 5 kwa sekunde kupandisha gigabaiti 400 kutachukua zaidi ya siku saba mfululizo. Tena nywila ikibaki kichwani mwako peke yako, wanao hawatafika popote.

Kwa ajili yao, wekeni katika kila boksi la diski karatasi iliyoandikwa kwa mkono, inayoeleza kilichomo na namna ya kukifungua. Kaeni pia na wazee wanaowatambua watu waliopigwa picha, muandike majina, mtaa na mwaka, kabla wazee hao hawajaondoka. Ile SSD nayo usiitupe. Ifanye nakala ya kazi, uwe unaichomeka kila mwezi na kuwaonyesha watoto picha za babu yao.