Maswali ya Wasomaji: Mwanasosholojia ana kazi gani kwenye hesabu ya hatari?

SWALI: Timu yetu hutathmini hatari za viuatilifu kwa watu wanaovipulizia. Vipimo vya sumu tunavyo, na fomula ya kiasi kinachomwingia mpuliziaji tunayo. Sasa tumeagizwa tuongeze mtaalamu wa sayansi ya jamii. Nilidhani huyo huja mwishoni kuelimisha watu. Mwanzoni atafanya nini?

JIBU: Akija mwishoni atakuwa amechelewa. Itazameni fomula yenu. Mnachukua kiasi cha dawa kinachomrukia mtu na saa anazofanya kazi, kisha mnapunguza kwa kuwa amevaa glavu na barakoa. Hizo glavu zimetoka wapi? Zimetoka kwenye lebo ya dawa, inayosema mpuliziaji avae nini. Kwenye joto kali barakoa huvuliwa mapema, na glavu huvuliwa nozeli (ncha ya bomba inayotoa dawa) inapoziba, kwa sababu vidole vilivyo ndani ya mpira mnene havishiki kitu kidogo. Ikiwa mmekadiria kuwa kinga huzuia asilimia 90, basi aliyevua anapata mara 10 ya mlichoandika. Hilo ni kosa la hesabu, na maabara haiwezi kuliona.

Kwa hiyo aanze kwa kutazama, kabla ya kumhoji yeyote. Mgeni mwenye fomu mkononi akiuliza, jibu huwa "navaa kila siku". Aandike kinga inavaliwa lini, inavuliwa lini na kwa nini, nani anachanganya dawa ambayo bado haijazimuliwa, na nani anafua zile nguo jioni. Mfuaji mara nyingi hayumo kabisa kwenye fomula.

Halafu yafuate mahojiano ya kina, 20 hadi 30, yanayoanza na "nieleze kazi yako tangu asubuhi". Ukianza na "unajua hatari za dawa hii?" umeshageuza mazungumzo kuwa mtihani. Dodoso lije baada ya hapo, ili kupima mambo yaliyojitokeza yanatokea kwa kiasi gani. Majibu yake ndiyo yanayoingia kwenye fomula badala ya ile asilimia ya lebo, tena kama kiwango cha chini hadi cha juu, si namba moja.

Anayedhani wenyeji ni wa kuelimishwa tu asome yaliyotokea Cumbria, Uingereza. Mvua ya Mei 1986 ilishusha huko seziamu, elementi yenye mionzi, kutoka kwenye ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl. Juni 20 serikali ilizuia kuuza na kuchinja kondoo wa eneo hilo, ikisema zuio litadumu wiki tatu. Makadirio yalitegemea tabia ya udongo wa mfinyanzi, ambao huishika seziamu isipande kwenye majani. Lakini vilima vile vina udongo wa mboji wenye tindikali, na humo seziamu iliendelea kurudi kwenye nyasi, na kutoka kwenye nyasi ikaingia kwa kondoo. Vizuizi vya mwisho viliondolewa 2012.

Mwanasosholojia Brian Wynne alipowahoji wafugaji, alikuta walikuwa na maarifa ambayo wataalamu hawakuyaomba. Katika jaribio moja kondoo walifungiwa kwenye vipande vya ardhi vilivyozungushiwa uzio. Wafugaji walionya kwamba kondoo waliozoea kuzurura vilimani wangedhoofu, na matokeo yangeharibika. Jaribio liliachwa.

SWALI: Tukitangaza kwamba hatari "imeongezeka mara mbili", watu hushtuka kupita kiasi. Tuseme nini?

JIBU: Semeni mara mbili ya nini. Mwaka 1995 wanawake wa Uingereza waliambiwa kuwa vidonge fulani vipya vya uzazi wa mpango vinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Kwa hesabu kamili, ilipanda kutoka takriban mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. Wengi waliacha vidonge, na mimba zisizotarajiwa zikaongezeka pamoja na utoaji mimba. Ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile.

Andikeni namba zote mbili, ya kabla na ya baada, kwa kigawanyo kilekile. Msiweke 1 kati ya 7,000 karibu na 1 kati ya 3,500. Tajeni pia hatari ya kuacha. Kisha wapeni watu 10 wasiohusika na kazi hiyo tangazo hilo, na kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichoelewa na atakachofanya kesho. Kama watatu wanasema wataacha dawa papo hapo bila kumwona daktari, liandikeni upya kabla halijatoka.