Unaanza uzamili wa bayoteknolojia? Fikiria kwanza miezi ya mafunzo kwa vitendo

Uzamili wa bayoteknolojia unaolenga ajira kwa kawaida hauna tasnifu nene. Una masomo ya darasani, kiasi cha usimamizi na kanuni za dawa, halafu miezi kadhaa ya mafunzo kwa vitendo. Miezi hiyo ndiyo inayoamua utaangukia wapi, na ajabu ni kwamba wengi huitafutia nafasi dakika za mwisho.

Anayeingia akiota kugundua dawa mpya ajiandae: milango mingi ya mwanzo iko kwenye udhibiti wa ubora. Sampuli za kila toleo la dawa, yaani kundi linalotengenezwa kwa mkupuo mmoja, hupimwa usafi, nguvu na uchafuzi wa vijidudu. Mashine unafundishwa, kinachowaangusha wageni ni kalamu. Ukikosea namba kwenye kumbukumbu, hufuti wala hupaki rangi nyeupe. Unapitisha mstari mmoja ili iliyokosewa iendelee kusomeka, unaandika iliyo sahihi pembeni, kisha saini, tarehe na sababu. Tena unaandika papo hapo, si jioni kwa kukumbukakumbuka. Kwa mkaguzi, kipimo kisichoandikwa hakikufanyika, na toleo zima linaweza kuzuiwa kwa ukurasa mmoja tu.

Kwenye uzalishaji mambo ni mengine. Seli zinazokua vizuri kwenye bayoriakta (tangi la kukuzia seli) ya lita 2 zinaweza kudorora kwenye ya lita 2,000, kwa sababu oksijeni haisambai sawasawa na kaboni dioksidi hurundikana. Ukikoroga kwa nguvu zaidi, povu na msukosuko huziumiza. Anayeelewa mvutano huo hupendwa na idara za uendelezaji wa mchakato. Zamu za usiku zipo pia. Seli hazijui Jumapili.

Kuandaa majalada ya usajili wa dawa ni kazi ya ofisini yenye heshima yake. Jalada la mfumo wa CTD, mpangilio wa kimataifa wa nyaraka za usajili wa dawa, lina sehemu 5, na ya 3 inahusu ubora. Ni vyema kupita maabara kwanza, la sivyo utakuwa unatetea vipimo ambavyo hujawahi kuviona vikifanyika.

Sasa wasifu wako. “Najua PCR” (mbinu ya kunakili DNA ili ipimike) haimwambii mwajiri kitu. Andika ulichofanya: mstari wa ulinganisho wa sampuli 5, kila moja ikizimuliwa mara 10 kutoka iliyotangulia, ufanisi wa kunakili 96%. Kwa PCR ya kupima kiasi, wengi hukubali kati ya 90% na 110%, na mteremko mzuri wa mstari huo uko karibu na −3.3. Ukizidi 110%, shuku vizuizi kwenye sampuli nzito au makosa ya pipeti. Kuzimua sampuli na kurudia mara nyingi hufichua mchawi ni nani. Ukieleza hivyo kwenye usaili, utaaminika kuliko mwenye vyeti kumi.

Wanaowaza uzamivu wana kikwazo chao: kamati hutaka ushahidi wa utafiti. Chagueni mradi wenye swali linalojibika, sampuli linganishi na marudio, si kazi ya kusaidia idara kwa jumla. Angalieni pia uzito wa shahada yenyewe. Katika mfumo wa Ulaya, vyuo vingi hutaka jumla ya ECTS (alama za uzito wa masomo) 300, yaani shahada ya kwanza na uzamili pamoja. Uzamili wa ECTS 60 juu ya shahada ya ECTS 180 unaweza kukuacha nje. Marekani programu nyingi za uzamivu hupokea hata wenye shahada ya kwanza, kwa hiyo uzamili si lazima uwafupishie miaka. Uholanzi na Denmark, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mshahara, na nafasi hutangazwa kama kazi nyingine yoyote.

Kabla ya kusaini mkataba wa mafunzo, ulizeni kuhusu usiri. Kampuni nyingi hazitaruhusu ripoti yenu itoke nje, na kamati ya uzamivu itataka kusoma kitu. Ombeni mapema kibali cha toleo lililoondolewa majina ya bidhaa na namba za siri, na mjue kwa jina ni msimamizi yupi aliyewaona mkifanya kazi atakayeandika barua ya mapendekezo.