Paka wako hana jini, wala hana kisasi

Barua za mwezi huu ni nyingi, na robo yake ni za maziwa. Katika hizo za maziwa nimechagua moja, nyingine zote zijihesabu zimejibiwa. Waliouliza bei ya paka wa Kiajemi wamekosea ukurasa.

SWALI: Kila usiku mnamo saa tisa paka wangu anakaa katikati ya sebule, anaukodolea ukuta mtupu, masikio yamesimama. Jirani anasema nyumba ina kitu, nitafute mtu aje kuisomea. (Magomeni, Dar es Salaam)

JIBU: Kisomo hakina madhara, ila kabla hujamlipa mtu sogeza kabati. Sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, na ukishafika umri wangu hata huko halifiki. La paka linapita 60,000. Panya huitana huko juu kwa sauti ambayo sisi hatuipati kabisa. Jicho lake nalo lina utando nyuma unaorudisha mwanga, ndio ule unaong'aa ukimmulika kwa tochi, kwa hiyo giza lako la saa tisa kwake ni kama magharibi tu. Mjusi anapita juu ya mlango, panya anakwaruza darini, wewe unaona ukuta mtupu. Barua za "nyumba ina kitu" nimezipokea miaka mingi. Wanaosogeza kabati wakaniandikia tena hutaja kitu kilekile: mavi ya panya.

SWALI: Nimpe maziwa ya ng'ombe mara ngapi kwa siku? (Wasomaji wengi, kuanzia Tanga hadi Kisumu)

JIBU: Usimpe. Paka wengi wakishakua hawawezi tena kusaga sukari ya maziwa, wanaharisha, halafu mnaniandikia barua ya pili kuuliza kwa nini anaharisha. Maji.

SWALI: Paka wangu huniwekea panya aliyekufa mlangoni, na jana kamweka juu ya mto wangu. Ananilipa fadhila? Halafu nikimpunguzia chakula, si atakamata wengi zaidi? (Morogoro)

JIBU: Hakulipi chochote. Babu yake ni paka-pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye wengine tunamwita kimburu, na ujamaa wetu naye ulianza watu walipoanza kuweka nafaka na panya wakaifuata. Kwenye kisiwa cha Kupro kulifukuliwa kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, mtu amelazwa na paka pembeni yake. Muda wote huo hatukumfundisha kutii kama mbwa. Tulimwacha awinde, basi. Na mwindaji mdogo hapendi kula njiani, kwa sababu mkubwa wake anaweza kumnyang'anya. Anabeba mzigo mpaka mahali anapopaamini. Chumba chako ndicho anachokiamini, na mto ndio wenye harufu yako zaidi. Mtoe panya kwa karatasi, fua foronya, usimfokee.

Swali la pili linaniudhi, na halijaanza kwako. Paka aliyeshiba anawinda vilevile, maana kuwinda kwake hakungoji njaa. Mwenye njaa ndiye anayehama, anakwenda kwa jirani anayekaanga samaki. Mlishe, tena mlishe nyama au samaki. Paka anahitaji taurini, ambayo imo kwenye nyama na samaki na haimo kwenye unga. Mbwa anaweza kuitengeneza mwilini, paka hawezi kwa kiwango kinachomtosha. Aliyelelewa kwa ugali na mchuzi mtupu miezi na miezi huharibika macho hadi kupofuka, na moyo wake hulegea. Halafu sumu ya panya: panya aliyekula sumu anakuwa mzito, paka anamkamata kwa wepesi, anamla, na yeye anasumika. Chagua moja, sumu au paka.

SWALI: Hujilaza chali mbele yangu, tumbo wazi, nikimshika tu aniuma. Mara nyingine apanda mapajani anikanda kwa kucha kama akanda unga wa chapati. Yuanipenda au yuanichukia? (Mombasa)

JIBU: Wazee waliosema paka hakubali kulala chali walikuwa wamemtazama vizuri. Akilala chali mbele yako amekuamini, hajakuomba umpapase. Tena huo ndio mkao wake wa kupigana, miguu yote minne na meno viko tayari, kwa hiyo mkono wako umeingia penyewe. Mguse kidevuni na mashavuni, kwenye tezi za harufu, hapo atakusukumia kichwa mwenyewe. Kukanda ni utoto: kitoto hukanda chuchu za mama maziwa yashuke. Tandika kanga iliyokunjwa mara mbili mapajani, mwache akande.

Na kwa kuwa umetaja kuumwa: chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya paka pia, msidanganywe na jina. Ukiumwa na paka wa mtaani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Vitunguu na mafuta ya taa si dawa.

SWALI: Dume wangu wa mwaka mmoja ameanza kukojolea mapazia, mlango wa mbele na viatu vya mume wangu. Alianza wiki ileile mume wangu alipompiga. Ni kisasi? (Arusha)

JIBU: Kisasi kinataka mtu akae apange, na paka hapangi. Mwangalie akifanya. Anageuza mgongo kwenye pazia, mkia wima unatetemeka, miguu ya nyuma inakanyagakanyaga, mkojo kidogo unaruka nyuma kwa usawa wa goti lako. Huko ni kupulizia, ni tangazo kwa madume wengine na majike wa mtaa kwamba hapa yupo yeye. Mume wako amempiga katika wiki ambayo balehe imekomaa, mkaunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Asimpige tena lakini, kwa sababu paka mwenye hofu hupulizia zaidi.

Dawa ni kumhasi. Nimeandika hivi mara nyingi hata mke wangu ananicheka, na kila nikiandika wananijia wanaume kulalamika kwamba namnyima starehe. Starehe ipi? Uume wa dume una vimiiba, na ule ukelele mnaousikia usiku mkadhani mtoto anachinjwa ni jike wakati dume anachomoka. Mayai ya jike hushuka kwa kupandwa, naye hupandwa na madume kadhaa katika joto moja, ndiyo maana uzao mmoja unaweza kuwa na baba watatu. (Yule wa Mwanza aliyeuliza kwa nini vitoto havifanani, jibu lako ni hilo.) Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano tu, anabeba kama miezi miwili, na anaweza kushika nyingine wakati bado ananyonyesha. Asiyeamini hesabu hiyo aje Tanga, aende soko la samaki la Deep Sea saa mbili asubuhi. Ataona vitoto chini ya meza, macho yamegandana kwa usaha, kimoja kinavuta utumbo wa samaki mrefu kuliko chenyewe. Wiki ijayo hakipo. Mnaomhurumia dume wenu, hurumeni na hapo.

Upasuaji wa dume ni wa dakika chache, anafanya daktari wa mifugo kwa dawa ya usingizi. Si kijana wa mtaani mwenye wembe.

Jambo moja hukuuliza. Siku ukimwona anachuchumaa, anachuchumaa tena, analia, anajilamba chini na tone halitoki, usingoje kesho. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba na huziba. Akiziba, siku mbili zinatosha kumuua.

SWALI: Nina mimba ya miezi mitatu, na mama mkwe anataka paka akatupwe sokoni, eti ataharibu mimba. (Unguja)

JIBU: Mpe shikamoo yangu, na umwambie yuko sahihi nusu. Kuna kimelea kinaitwa toksoplazma ambacho paka aliyeambukizwa hukitoa kwenye mavi, kwa kawaida kwa wiki chache tu maishani, na kwa mjamzito ambaye hajawahi kukipata kina hatari kweli kwa mtoto. Lakini mavi mabichi hayaambukizi. Kimelea huchukua siku moja au zaidi kukomaa. Kwa hiyo beseni la mchanga lisafishwe kila siku, na msafishaji awe mumeo. Akisema ana kazi nyingi, mwambie nimesema mimi. Kimelea hichohicho kimo kwenye nyama isiyoiva na kwenye mboga zenye udongo, kwa hiyo mishikaki yenye damu iache, kachumbari ioshwe, na ukilima bustani vaa glavu. Waambie pia kliniki kwamba una paka. Kumtupa hapana. Paka wa nyumba haingwa.

SWALI: Paka wangu jike yuko chini ya kitanda siku ya pili, hali, hatoki. Nikimshika anakoroma taratibu kama amefurahi. Shangazi anasema ana homa, nimpe nusu kidonge cha parasetamoli. (Dodoma)

JIBU: Usimpe. Kama umeshampa, acha kusoma, mbebe umpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi.

Nina sababu ya kupaza sauti. Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga nilikuwa na paka wa kijivu, mwenye ncha ya mkia iliyopinda. Akapata homa, akajificha nyuma ya mtungi wa maji. Muuza dawa wa jirani akaniambia "nusu tu, kama mtoto". Nilimsagia kwenye kijiko na mchuzi wa dagaa, nikamshika taya, akameza. Jioni uso ulikuwa umevimba, anapumua kwa mdomo wazi kama mbwa aliyekimbia. Nilipomfunua mdomo, ufizi ulikuwa na rangi ya kahawa iliyopoa. Hakufika asubuhi. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba ini la paka halina njia ya kutosha ya kuivunja dawa hiyo, hivyo sumu yake inaiharibu damu isiweze kubeba hewa, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Sikumlaumu muuza dawa. Mimi ndiye niliyeshika kijiko.

Sasa huyo wako. Paka ni mwindaji, lakini umbo lake ni dogo, naye huwindwa. Mnyama wa namna hiyo akionyesha udhaifu ameliwa, kwa hiyo akiumwa anajificha na kunyamaza. Wewe unaona utulivu. Kukoroma kusikudanganye: paka hukoroma akifurahi, na hukoroma akiwa na maumivu, akizaa, hata akikaribia kufa. Tazama mengine. Manyoya yamesimama? Hajilambi? Amejikunja kama mkate, macho nusu? Siku mbili bila kula ni nyingi kwa paka, hasa mnene, maana ini hujaa mafuta likashindwa kazi. Mpeleke leo. Na dawa ya kupe ya mbwa msiwapake paka; zenye pamethrini huwatia degedege.

SWALI: Nikimwita hageuki. Ni kiziwi? (Nairobi)

JIBU: Tikisa mfuko wa dagaa. Akigeuka, si kiziwi. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walionyesha kwamba paka hulitambua jina lake kati ya maneno mengine. Anakusikia, hajaona sababu.

SWALI: Dume wetu anatoroka kila usiku na kurudi na majeraha. Nimfunge kamba? (Pangani)

JIBU: Usimfunge. Habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka mnaijua, alimfunga, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Hata tukiiweka dini pembeni, kamba shingoni mwa mnyama anayeruka ukuta ni kitanzi. Anatoroka kwa kuwa hamjamhasi. Rudini kwa yule wa Arusha. Majeraha ya meno mkayatazame vizuri, maana kwa juu yanafunga upesi na chini yanatunga usaha. Wakati mnasubiri zamu ya daktari, mpeni chakula kikubwa magharibi, ndani ya nyumba, na mlango mfunge akiwa bado anakula. Mkishika saa moja ileile kila siku, wiki mbili hazipiti atakuwa mlangoni kabla ya sahani.