Uliza Fundi: Nina milioni mbili na laki nne, nianze na kadi au monita?

*Fundi habari za kazi. Mimi ni kijana wa hapa Buzuruga, Mwanza, mchana nipo steshenari, usiku nacheza gemu. Nimedunduliza tangu mwaka jana sasa nina 2,400,000. Kuna jamaa yuko Dar anauza kadi ya grafiksi (ile inayochora picha za gemu), RTX 4070 iliyotumika, anataka milioni moja na nusu. Mimi nina kompyuta ya ofisini, prosesa i5 ya jenereshoni ya nne, RAM GB 8, na monita ya inchi 19 niliyopewa na shemeji. Nikapanga nichukue hiyo kadi niichomeke humo, hela inayobaki ninunue kiti cha gemu. Nacheza FC ya mpira, GTA V na Warzone kidogo. Washkaji wananicheka, mmoja anasema bora ninunue kwanza monita ya 4K. Nishauri kabla sijatuma hela.*
Mdau, Buzuruga

Mdogo wangu, hela usitume. Sisemi jamaa wa Dar ni tapeli, simjui, na kadi yenyewe ni kadi ya maana kabisa, ina GB 12 na ilitoka 2023, shida ni kule unakotaka kuipeleka. Hiyo ni sawa na kuchukua mtumbwi wa kasia ukaufungia injini ya farasi 40, mbao zitaachana kabla hujaiona Ukerewe.

Angalia kazi inavyogawanywa humo ndani. Prosesa ndiyo inayopiga hesabu, mpira unaelekea wapi, polisi wa GTA wanatokea kona gani, gari gani inakugonga, ikimaliza inaikabidhi kadi, kadi inachora picha. Kila picha moja lazima ipite mikono yote miwili. Sasa i5 yako ya 2013 au 2014 hapo ina kori (vichwa vya kupigia hesabu) nne tu, kwenye Warzone itakuwa inahema asilimia mia, halafu kadi ya milioni moja na nusu imekaa inasubiri kazi. Na hata zingeenda sawa, picha zinaishia kwenye monita ya shemeji ambayo nina uhakika ni ya hezi 60, maana yake inaonyesha picha 60 tu kwa sekunde, ukichora 150 zile 90 unapikia wageni ambao hawaji.

Halafu hizo mashine za maofisini pawa sapulai yake, kile kiboksi cha kuigawia umeme, ni ndogo, nyingi hazifiki wati 300, na ukisema ubadilishe unakuta plagi ya kwenye madabodi (bodi kuu inayounganisha kila kitu) ni ya kwao wenyewe haiingiliani na za kawaida. RTX 4070 peke yake inakula wati 200. Kama kesi yako ni ile nyembamba ya kulaza ndiyo kabisa, kadi haiingii hata kwa kuisukuma. Na kitu kingine, Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 rasmi haiipokei prosesa ya umri huo. Kwa hiyo hata ukilazimisha leo, kesho unaanza upya.

Mimi ningeanza na monita. Najua watu wengi wanaanza na kadi, ndiyo inang'aa na ndiyo ya kupostia, lakini monita ndiyo inayokwambia kadi itafanya kazi kiasi gani. Chukua hesabu hii: monita ya 1920 kwa 1080 ina pikseli, yaani vinukta vya picha, kama milioni 2. Ya 2560 kwa 1440 ina milioni 3.7. Hiyo 4K ya mshkaji wako ina milioni 8.3, mara nne kamili ya ile ya kwanza, na kadi inazichora zote upya kila picha! Ndiyo maana mtu ananunua 4K halafu gemu inatembea kama slaidi za mchungaji, anaishia kuishusha hadi 1080 na picha inakuwa na ukungu. Kwa hela yako, 4K iache.

Wewe tafuta ya inchi 24, 1080, hezi 144 au zaidi (165 na 180 siku hizi zimejaa), paneli ya IPS (aina ya skrini ambayo rangi hazigeuki ukiitazama kwa pembeni). Usiende inchi 27 kwa 1080, ukikaa nayo karibu utaziona pikseli, 27 subiri siku utakapokuwa na kadi ya 1440. Paneli za VA nyeusi yake ni nzuri ila nyingi za bei ya chini kitu kikikimbia gizani kinaacha mkia. TN mimi siipendi, ukiinama kidogo rangi zinageuka. Hakikisha ina FreeSync, kwa sababu fremu zako (picha kwa sekunde) hazitakaa sehemu moja, zitapanda 140 zitashuka 90, FreeSync inaifanya monita iifuate kadi badala ya picha kukatika katikati kama karatasi iliyochanwa. Kuhusu ile "1 ms" (milisekunde 1, muda wa pikseli kubadilika) iliyoandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa, usiichukulie kama ahadi.

Tofauti ya hezi 60 na 144 siyo maneno ya matangazo. Kwenye 60 kila picha inakaa mbele yako karibu milisekunde 17, kwenye 144 ni 7. Ukiizoea, ukirudi 60 unahisi mausi imepakwa uji.

Sasa kadi (siyo ya mchango wa harusi). Kwa monita hiyo, RX 6600, RTX 3060 ya GB 12 au RTX 4060 inatosha vizuri, na nzuri zaidi hazili umeme: 6600 ni wati 132, 4060 ni 115, 3060 ndiyo 170. Ukichukua iliyotumika, kuwa macho na hizo 6600 na 3060, maana ni za 2021, wakati watu walikuwa wanachimba sarafu za Ethereum nazo, kadi inawaka usiku na mchana miezi na miezi. Huo uchimbaji uliisha Septemba 2022, kadi nyingi zikamwagwa sokoni. Kadi ya kuchimbia siyo lazima iwe mbovu ila feni zake zimechoka na ile pesti ya kupitishia joto kutoka kwenye chipu imekauka kama ugali wa jana. Mwambie muuzaji akurekodie video, gemu inaendesha dakika 20, joto linaonekana kwenye skrini, na sauti asiizime, feni inayokwaruza utaisikia. Halafu afungue programu ya bure inaitwa GPU-Z. Kuna kadi za zamani sana zinabadilishwa majina ndani zinauzwa kama mpya, na nyingi za namna hiyo GPU-Z inaandika yenyewe kwamba ni feki.

Prosesa: Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F, zote zina kori 6 na nyuzi 12 (kazi 12 kwa wakati mmoja), yoyote utakayoipata kwa bei nzuri pamoja na madabodi yake. Angalia, zote mbili hazina grafiksi ya ndani, bila kadi skrini haiwaki, usije ukanipigia simu saa sita usiku. RAM ni GB 16, lakini iwe vipande viwili vya 8 siyo kimoja cha 16, maana vikiwa viwili njia ya data inakuwa mara mbili. Kwenye madabodi yenye nafasi nne chomeka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. SSD ya NVMe (diski ya kuhifadhia yenye kasi), TB 1 ukiweza, gemu za siku hizi moja tu inakula GB 100 bila aibu.

Kwenye ile 2,400,000 kadi isivuke laki 8, monita weka kama laki 4, kilichobaki ndiyo ugawie prosesa, madabodi, RAM, SSD, pawa sapulai na kesi. Bei za RAM na SSD zinayumba sana, ziulize wiki hiyo hiyo unayonunua. Kiti cha gemu hakimo. Kaa kwenye kiti cha plastiki kwanza, wote tulianzia hapo.

Monita ukiiagiza Dar ikaja kwa basi, dai ije na boksi lake na maboya yake, na ukiipokea stendi usisaini kwanza. Omba soketi, iwashe pale pale, fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, kisha nyekundu. Nukta iliyokufa inaonekana hapo hapo, na ufa wa ndani pia.

Mwisho kwako, na hili nimeliona kwa macho yangu. Kuna kibanda cha gemu Kirumba, mwenyewe alijitutumua akanunua monita mbili za hezi 165, akawa analalamika miezi minane kwamba ameibiwa, haoni tofauti. Nikakaa nayo. Kebo ya HDMI kaichomeka kwenye madabodi, juu, wakati kadi iko chini na matundu yake yana vifuniko vya plastiki bado. Mashine yake prosesa ilikuwa na grafiksi ya ndani ndiyo maana picha ilikuwa inakuja. Tukahamisha kebo, tukaingia kwenye mipangilio ya skrini ya Windows, bado imeandika 60, tukaweka 165. Mausi ikateleza. Jamaa hakusema kitu, alitoka nje akaenda kununua soda mbili.

*Fundi, kijana wangu anaenda chuo kusoma usanifu majengo. Anasema bila kompyuta ya gemu hawezi kusoma. Ananidanganya?*
Mama wa mapacha, Nyegezi

Shikamoo mama. Nusu anasema kweli. Programu za kuchora majengo kwa pande tatu zinahitaji kadi ile ile inayochezea gemu, kwa hiyo mashine nzuri ya gemu ni mashine nzuri ya kuchorea. Nusu nyingine muulize kwa upole, hiyo kompyuta ya mezani anaibeba vipi hadi hosteli na anaifungia wapi? Kama atakaa hosteli yenye watu sita, mama, mnunulie laptop.

Kama atakaa nyumbani, mnaweza kwenda kidogo kidogo. Anza na Ryzen 5 5600G, hiyo ina grafiksi ndani ya prosesa, inatosha masomo ya mwaka wa kwanza na FC ya mipangilio ya chini, kadi ataongezewa matokeo yakitoka. Hapa ndiyo RAM vipande viwili haina mjadala, maana grafiksi ya ndani inakopa RAM hiyo hiyo. Na pawa sapulai inunuliwe kubwa tangu siku ya kwanza, isije kubadilishwa tena. Monita yake iwe IPS, kwenye michoro rangi ni kitu.

*Fundi mambo. Mashine yangu inajizima yenyewe katikati ya gemu, mara nyingi jioni. Mchana haina shida. Ni jini?*
Mdau, Pasiansi

Jini la pawa sapulai. Na ndugu yake ni vumbi.

Ngoja nikupe ya kwangu. Niliwahi kununua pawa sapulai duka moja la mjini, imeandikwa wati 500, bei ya kutupa, nikashangaa tu ilivyo nyepesi. Ikaniendesha miezi minne. Siku hiyo umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi kwa nguvu, nikasikia paa! na harufu ya samaki aliyeungua. Imekufa na madabodi. Nilipoifungua nikakuta ndani kuna nafasi tupu ya kutosha kuweka vitumbua, koili nyembamba, kapasita zimevimba vichwa. Tangu siku hiyo nikienda dukani naishika mkononi kwanza kabla sijasoma lebo. Yako ipime hivyo hivyo, halafu angalia kama ina alama ya 80 Plus (cheti kwamba haipotezi umeme mwingi) na kampuni inayojulikana, wati 550 za kweli zinatosha kabisa mashine yenye RX 6600.

Kwa nini jioni? Jioni mtaa mzima wamewasha, umeme unalegea, sapulai dhaifu inashindwa. Nunua UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), ila usichanganye VA (volti-ampea, siyo ile VA ya paneli) na wati, UPS ya 650 VA nyingi zinabeba wati mia tatu na kitu tu, na kazi yake ni kukupa dakika chache usevu uzime, siyo umalizie mechi.

Upande wa vumbi, fungua kesi leo. Na sisi wa pembeni ya ziwa tuna kitu cha ziada, wale wadudu wadogo wanaokuja kama moshi kutoka majini, wanafuata taa. Mashine yako ina taa za rangi zinazozunguka? Nilifungua moja huko huko Pasiansi, kwenye hitisinki ya prosesa (chuma cha kuipoozea) walikuwa wamejazana wamekauka, nikawatoa kwa brashi ya rangi, kiganja kizima. Joto lilikuwa linafika 95. Baada ya kusafisha na pesti mpya likakaa 70.

Weka chandarua chepesi mbele ya feni zinazovuta, mbili zivute mbele moja itoe nyuma. Kesi isikae chini sakafuni. Taa za rangi zima. Na dirisha la upande wa ziwa, ikifika saa kumi na mbili jioni, funga.