Je, Pingili za Mgongo Huhama na Kurudishwa kwa Kuvutwa?

SWALI: Mimi ni mpakiaji wa viazi hapa Uyole, Mbeya. Tangu nilipoinua gunia la lumbesa, maumivu yanatoka kiunoni yanashuka mguu wa kushoto hadi kidole gumba. Mzee anayekanda watu mtaani kwetu anasema pingili mbili zimehama. Amenivuta mara mbili, mlio ukasikika, nikapata nafuu ya siku moja. Je, daktari, nimrudie?

JIBU: Ndugu yangu, usimrudie. Maumivu yanayofika kidole gumba huashiria kuwa mshipa wa tano wa fahamu wa kiuno umebanwa, mara nyingi na diski, yaani mto laini ulio kati ya pingili ya nne na ya tano. Nenda hospitali upimwe nguvu na hisia za mguu, acha lumbesa kwa sasa, lakini endelea kutembea kadiri unavyoweza, kwa sababu kulala kitandani kutwa hakuponyi. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa bila upasuaji, kwani ute uliochomoza kutoka kwenye diski mara nyingi hunywea wenyewe.

Hiyo habari ya pingili kuhama, ambayo naisikia karibu kwa kila mgonjwa wa kiuno, haina msingi. Pingili za kiuno zimeshikamanishwa na diski zilizogandamana na mifupa yenyewe, kano ndefu zinazopita mbele na nyuma, viungo vidogo vya nyuma vinavyofungamana, na misuli mifupi ya ndani inayotoka pingili moja hadi nyingine. Mfumo huo hauachii kwa kuinua gunia, wala haupangwi upya kwa kidole gumba cha mkandaji. Kilichopasuka kwako, kwa dalili ulizoeleza, ni ukuta wa diski, ambao umejengwa kwa matabaka kama kitunguu. Mlio uliousikia ni wa gesi katika majimaji ya viungo, sawa na wa vidole vinapokunjwa, na nafuu ile fupi ilitokana na misuli kulegea. Pingili iliyosogea kweli ipo, lakini huthibitishwa kwa picha ya eksirei, na hairudishwi kwa kuvutwa sakafuni. Wauzaji wa vidonge vya “kuongeza ute wa pingili” siwajadili, maana diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu na hujilisha kwa chakula kinachopenya taratibu kutoka mfupa jirani.

Jambo linalonitisha ni kwamba mkandaji huvuta kila mgongo bila kujua kilichomo. Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya inaongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, na kifua kikuu hufuatana na VVU. Kifua kikuu hula pia pingili, hasa za kifuani na za juu ya kiuno. Mgonjwa mwenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, ambaye mgongo wake umeanza kutoa kibyongo, akivutwa, mfupa uliooza unaweza kuvunjika na kumpoozesha miguu, ilhali dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Nawe ukihisi ganzi sehemu za siri au makalioni, mkojo ukikataa kutoka, au miguu yote miwili ikilegea, usingoje kukuche: nenda hospitali ya rufaa usiku huohuo.