Kwa Nini Uvimbe wa Ugwe wa Mgongo Hauzimwi Wote?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kaka yangu alianguka akaumia uti wa mgongo. Daktari alitueleza kuwa uvimbe unaofuata huweza kuharibu neva kuliko hata pigo lenyewe. Ikiwa ndivyo, mbona asipewe dawa kali ya kuuzima wote?

JIBU: Poleni sana. Daktari amesema kweli, ila uvimbe huohuo, yaani mwitikio wa kinga ya mwili penye jeraha, una kazi ambayo hakuna dawa iliyoweza kuifanya badala yake.

Pigo huua seli papo hapo na kupasua mishipa midogo ya damu. Katika saa 24 za kwanza hivi, chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili hufurika mahali hapo zikimwaga kemikali za kuua vijidudu, na kwa kuwa mara nyingi hapana kijidudu chochote, zinazodhurika ni seli za neva zilizonusurika. Siku chache baadaye huongezeka makrofaji, ambazo hula mabaki, na hapo ndipo faida inapoonekana: mielini, yaani ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, ikishameguka huacha protini kama Nogo-A, ambazo huzuia nyuzi zisichipue. Katika neva za mkono au mguu usafishaji huu humalizika kwa wiki chache, na nyuzi huota takriban milimita 1 kwa siku. Ndani ya ugwe, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, mabaki huweza kukaa miaka.

Kovu linalojengeka penye jeraha la ugwe nalo hulaumiwa kupita kiasi, kwa maoni yangu. Ni kweli kwamba lina molekuli zinazozuia nyuzi kupita, lakini panya waliozuiwa kulijenga walipatwa na uvimbe ulioenea zaidi na wakapoteza seli nyingi zaidi.

Dawa unayoifikiria ilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1990 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba methylprednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa dozi kubwa, ikianzwa ndani ya saa 8, ilisaidia kiasi. Baadaye ikabainika kuwa nafuu ni ndogo, ilhali maambukizi na kutokwa damu tumboni huongezeka, hivyo madaktari wengi wameacha kuitoa kama desturi.

Muulize daktari kama kaka yako ana hisia yoyote chini ya jeraha, hata ya kuguswa tu karibu na njia ya haja kubwa, kwani ikiwapo, zipo nyuzi zilizosalia ambazo mazoezi ya viungo yanaweza kuziimarisha. Nyumbani, mgeuzeni mara kwa mara asipate vidonda vya mgandamizo, na akianza kukohoa au kupata homa msingoje, maana maambukizi ya mapafu yamehusishwa na kupona kwa neva kulikofifia.